Mlezi na Shahidi Aliyembakia

Mlezi wetu hakujua kunong'ona. Akikuuliza habari yako katikati ya soko la Nakawa, wauza mchele wa upande wa pili waliinua vichwa ili nao wapate kuisikia. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo mabegani, shati limechomekwa vizuri, na mfukoni alikuwa na karanga za kukaanga ambazo hakumgawia mtu hata siku moja. Nauli angekupa, shati alilovaa angekuvulia, lakini karanga zake alizila peke yake, moja moja, huku akikusikiliza. Tulimtania kwa hilo na hakujali.

Kwao hasa ni wapi sikuwahi kuuliza. Alikuwa Mkenya, Mkristo wa zile ibada za makofi na vinanda, mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha eneo la viwanda, na hayo yalitutosha. Kila Jumamosi alikuwa na klabu ya vijana kwenye ukumbi wa mabati nyuma ya soko. Klabu ilikuwa na jina rasmi, refu, na hakuna aliyelitumia. Ukisema unakwenda kwa Mlezi, ulieleweka.

Naandika habari zake kwa sababu mwaka jana nililazwa tena hospitali ya Mulago, wodi ile ile ya ujana wangu, na nilimwambia kila mtu aliyestahili kuambiwa: mume wangu, mkubwa wangu wa kazi, hata jirani mmoja mwenye mdomo mpana. Mlezi sikumwambia. Yeye ndiye aliyenifundisha kuyasema mambo hayo, na yeye peke yake ndiye niliyemficha. Ili nieleze kwa nini, lazima nieleze habari zake yeye kwanza.

Wengi wetu pale klabuni tulizaliwa vita vilipokuwa vinaisha, vile vya themanini na sita, au vikiwa vimekwisha tu. Wazazi wetu waliona mambo wakayafunga mdomoni, nasi tukakua ndani ya nyumba ambazo mlango ukigongwa kwa nguvu kila mtu mzima aliacha kutafuna. Hakuna aliyetueleza sababu. Walikuwapo watoto wa kambi ya jeshi ya Makindye, Wakongo wa Katwe, Waganda wa hapo hapo Nakawa, na mimi mjukuu wa duka. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo hakuna aliyeweza kuringa nayo, kila mtu akikivunja kwa namna yake.

Kwetu kilikuwa hakivunjwi. Sisi ni katika zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na biashara kutoka pwani wakabaki, na Bibi yangu, aliyekuwa akifundisha wasichana Kurani nyuma ya duka, alisahihisha Kiswahili cha wateja kabla hajawapa chenji. Tulikuwa watu wa sitara. Ukiumwa tumbo, watu waliitwa waje kukutazama. Ukiumwa akili, ulifungiwa chumba cha uani. Baba yangu mdogo alirudi kutoka vitani bila jeraha hata moja akaishi katika chumba hicho mpaka alipofariki, na kwa muda wote huo wageni waliambiwa kwamba yuko Mombasa.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba usingizi uliniacha, kisha njaa ikaniacha, kisha maneno. Bibi aliwaambia wateja kwamba nimekwenda Jinja kwa shangazi. Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia, namsikia akinisafirisha. Sikukasirika. Nilitamani tu iwe kweli, kwamba yupo msichana mwenye jina langu ambaye yuko Jinja anakula samaki.

Mlezi alikuwa mteja wetu wa sukari. "Yule binti anayenipimia yuko wapi?" aliuliza, kwa sauti yake ile.

"Amekwenda Jinja," Bibi akasema.

"Jinja sehemu gani? Kesho gari letu la kiwanda linakwenda huko. Nitampelekea salamu zako, mama."

Bibi alikuwa mtu wa kusema uongo wa kutosha tu, hakuweka akiba. Akanyamaza. Mlezi naye akanyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akabaki amesimama na sukari yake mkononi mpaka Bibi akatazama pazia. Kesho yake alirudi, akageuza kreti la soda, akalikalia upande wa pili wa pazia langu, akaanza kunisimulia mechi ya mpira ambayo timu yake ilifungwa vibaya. Alirudi na siku nyingine. Hakuniuliza kitu. Alilalamika tu juu ya golikipa, siku baada ya siku, mpaka nikamwambia kwamba golikipa hana kosa, mabeki ndio wabovu. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza baada ya muda mrefu.

Aliposema nipelekwe Mulago kwa daktari, Bibi alikataa. "Mgonjwa wetu tutamsitiri wenyewe," alisema.

"Mama, mmoja mlimsitiri mpaka akafa."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Bibi hilo. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulimuuliza habari za Mombasa kwa heshima. Nilimsikia Bibi akilia, kilio kidogo cha mtu aliyejizuia miaka mingi, kisha akaja kunivisha buibui kwa mikono yake. Mlezi alikuwa hivyo. Angeweza kukukata kwa neno moja, halafu akakubebea mkoba njia nzima hadi hospitali.

Pale klabuni njia yake ya kazi ilikuwa moja, na aliitoa kanisani kwao: ushuhuda. Kule kwao mtu husimama akaeleza alivyokuwa, kilichomtokea na alivyo sasa, na watu wakapiga makofi. Mlezi aliuondoa wokovu akaweka ugonjwa. "Toa nje, kijana," alikuwa akisema. "Kikae hapa katikati tukione sote." Mtoto wa kambi aliyekuwa akiota risasi alisimama akazitoa. Msichana wa Kikongo aliyekuwa akijikata alisimama. Nami nikasimama, mjukuu wa watu wa sitara, nikasema nilivyolala nyuma ya pazia, nilivyopelekwa Mulago, na kwamba sasa nimepona. Makofi yale sijayasahau. Yalinipa joto mwili mzima. Nilirudi nyumbani nikala sahani mbili.

Sitaki mtu aniambie kwamba njia ile ilikuwa ya kijinga. Ilitutoa wengi vyumba vya uani. Lakini ilikuwa na sehemu tatu, na ya tatu ilikuwa lazima. Mtu hakusimama kusema kwamba bado anaumwa. Kama bado, alikaa chini asubiri zamu yake, na zamu yake ilikuwa siku atakayokuwa amepona.

Jambo jingine ambalo lazima nilieleze ni mapenzi yake kwa mikutano. Mlezi aliamini kwamba mkubwa yeyote wa serikali, akimsikia kijana mmoja akisema kwa mdomo wake, ataamka asubuhi na kubadilisha mambo. Alijua anachotaka. Alitaka kila kituo cha afya kiwe na chumba cha vijana chenye mlango unaofungwa, kifunguliwe saa ambazo shule zimetoka. Alitaka mshauri wa shule asiwe yule yule mwalimu wa viboko. Alitaka kijana aliyejaribu kujiua akanusurika asichukuliwe kama mhalifu, maana sheria ilimhesabu hivyo. Siku moja alikuta mmoja wetu amefungwa pingu kwenye kitanda cha hospitali, askari kando yake.

"Unamlinda asikimbie au asife?" Mlezi alimuuliza askari.

"Mzee, mimi nafuata oda tu."

"Kama ni asife, mfungue. Nitamlinda mimi."

Askari akakataa. Mlezi akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akatoa karanga, akaanza kumsimulia askari habari za golikipa. Mchana ulipofika askari alikuwa na njaa na amechoka na mpira, akafungua pingu, akasema anakwenda kula kidogo. Hakurudi. Hatukujua alipewa ruhusa na nani, na Mlezi alitukataza kuuliza.

Basi kwa ajili ya mambo hayo matatu alituvalisha vizuri akatupeleka kwenye warsha. Zilifanyika kwenye hoteli zenye mazulia, zikawa na chai, maandazi na watu walioitwa wadau. Mdau mmoja alisoma takwimu, mwingine akashukuru, kisha Mlezi akaitwa alete sauti ya vijana. Sauti hiyo mara nyingi ilikuwa Proscovia.

Tulimwita Prosi. Alikuwa Mganda wa hapo Nakawa, mfupi, mcheshi, fundi wa kuiga watu; alimwiga Mlezi mpaka mwenyewe akashika mbavu. Aliwahi kuumwa vibaya kuliko sisi wote, na ushuhuda wake alijua kuupanga. Aliwachekesha wadau kwanza, kisha akawaliza, kisha akawainua. "Mimi nilikuwa nalala mchana, usiku nahesabu mabati," alikuwa akisema. "Sasa mimi nalala kama mtoto. Muniangalie. Mimi nimepona." Wakubwa walifuta macho. Shirika moja likampiga picha akicheka, likachapisha bango lenye maneno "Nilisema, nikapona", na bango hilo likabandikwa kila kituo cha afya cha mji huu. Mlezi alitembea akilitazama bango moja baada ya jingine, kama baba aliyeoza binti.

Prosi aliumwa tena na hakumwambia mtu. Dada yake ndiye aliyejua, naye alitusimulia baadaye. Alikuwa amemsihi aende kwa Mlezi, au arudi Mulago, na Prosi akamjibu, "Nitaenda kusema nini? Mimi niko kwa ukuta. Nikae chini ya picha yangu, naumwa?" Hakurudi hospitali kwa sababu hiyo. Alijitoa uhai. Ilivyokuwa sitaiandika, haimsaidii mtu.

Kwa ukoo wao aliyekufa hivyo haliliwi. Tulipofika kijijini kwao kaburi lilikuwa limechimbwa haraka, hakuna moto wa matanga, hakuna mkeka uliotandikwa, wanaume wachache tu wenye majembe waliotaka kumaliza wakanawe. Mlezi aliketi chini kwenye udongo akalia kwa sauti aliyopewa na Mungu. Mzee mmoja wa ukoo alimwendea, akamwambia kwa upole, "Ssebo, mzee wangu, huyu sisi hatumlii."

"Nyinyi msimlilie," Mlezi akasema. "Kwangu mimi ni wangu, ninamlilia."

Walimwacha. Alilia mpaka wanaume walipomaliza kufukia, na hata walipoondoka. Mimi sikulia. Niliogopa, na nilichoogopa kilikuwa wazi kwangu hata siku ile. Nilikuwa nimesema sehemu ya tatu kwa sauti ile ile, mbele ya watu wale wale.

Jumamosi iliyofuata makofi yalikatazwa. "Hapa hatumalizi tena," Mlezi alisema. "Mtu aseme alipofika, akae." Ilikuwa ajabu mwanzoni. Mtu alisimama akasema wiki hii mbaya, akakaa, na sote tukabaki na mikono tusijue pa kuiweka. Lakini walianza kusimama ambao hawakuwahi kusimama. Kulikuwa na kijana mmoja ambaye kwa miezi mingi alisema neno moja tu, "Bado," akakaa. Mlezi alimjibu kila mara, "Tumekusikia." Ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya, na aliifanya akiwa amekwisha kabisa. Alikonda. Alikuwa akianza sentensi akaisahau, na wakati mwingine alitazama mlangoni kana kwamba anamngoja mtu aliyechelewa.

Wadau hawakuipenda klabu mpya. Mlezi aliendelea kuwapelekea vijana, na vijana wakasimama kwenye mazulia wakasema, "Bado naumwa, asante," wakakaa, na dakika walizopewa zikabaki tupu. Ofisa mmoja alimvuta kando nikiwa karibu. "Mzee, hadithi yenu haina mwisho," alisema. "Mimi nitaonyesha nini wageni? Tuletee kama ule msichana wa zamani." Mlezi alimwambia kwamba msichana wa zamani amekufa. Ofisa akasema pole, akaenda kuchukua chai. Baada ya hapo mialiko ilipungua, ikaisha. Katika yale matatu aliyoyataka, alipata moja: kituo kimoja cha afya kilitoa chumba cha vijana, chenye mlango. Ufunguo walimpa yeye.

Bango la Prosi halikuisha. Karatasi za serikali hubandikwa na mtu mmoja kwa siku moja, na hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuzibandua. Mlezi alifanya kazi hiyo. Alitembea na kisu cha meza na chupa ya maji, akiingia vituo vya afya, analowesha, anakwangua. Nilikuwa naye siku mlinzi alipomkamata.

"We mzee, hii kitu ya selikali. Unaalibu kwa nini?"

"Huyu mtoto hayupo tena," Mlezi akasema.

"Kama hayupo si ndio uache picha? Anacheka vizuli, bambi, masikini."

Mlezi alifunga chupa yake ya maji. Mlinzi hakuwa mtu mbaya, akatusindikiza getini akatuombea amani. Lakini bango lile lilibaki, na kila nilipopita hapo kwa miaka kadhaa nilimwona Prosi akicheka, jua limemla rangi uso mpaka yamebaki meno na maneno. Nilikuwa nahamia upande wa pili wa barabara.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mtu asiyemjua hatalielewa. Mtu huyu aliyekataza mwisho kwa kila mtu, alibakiza mmoja kwa matumizi yake. Nao ulikuwa mimi. Nilimaliza shule, nikapata kazi, nikaolewa, nikazaa. Kila tulipokutana alinishika bega akawaambia waliokuwapo, "Mnamwona huyu? Huyu wangu. Huyu alipona." Alisema harusini kwangu. Alisema kwenye maziko ya Bibi, katikati ya wanawake waliokuwa wakisoma Kurani, na Bibi angefufuka kwa aibu. Nilikuwa nacheka. Niliona uso wake ulivyonyooka kila alipoyasema, mabega yakapanda kidogo, nikajiambia hayanigharimu kitu.

Yalinigharimu. Miaka hiyo haikuwa yote mizuri. Mara kadhaa usingizi ulianza kuniaga, na nilimpigia Mlezi simu nikakata kabla haijaita, kwa sababu nilijua ninachokwenda kukivunja. Mwaka jana maji yakanifika shingoni, mume wangu akanipeleka Mulago. Nilikaa wodini nikihesabu watu wa kuambiwa, na kila mara jina lake nililiruka. Nilipotoka nilingoja kupata nguvu, kisha nikapiga moyo konde nikaenda kwake Makindye.

Anaishi chumba kimoja na sebule, nyuma ya nyumba ya watu. Magoti yamemkatalia, hatoki sana. Nilimkuta na jirani yake, mama mmoja aliyemletea chai. "Mama, huyu ndiye niliyekwambia," Mlezi alisema kabla sijavua viatu. "Huyu alipona." Yule mama alinitazama kwa furaha, akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu ni mwema. Nikasema ndiyo. Akaondoka na kikombe chake.

Tulikaa. Nilianza, "Mlezi, nimekuja nina neno," lakini alikuwa amekwisha kuanza la kwake. Wazee hufanya hivyo, na yeye alifanya hivyo hata alipokuwa bado na nguvu. Sauti yake imeshuka. Ilibidi niinamie mbele kumsikia.

"Nimekuwa nikimfikiria Prosi," alisema. "Ile Jumamosi yake ya mwisho. Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Nilikuwa na mtihani."

"Alikuja mapema. Akakaa benchi la mbele, akanisalimia. Binti, nilimwona. Mimi nilikuwa najua macho hayo, nimeyaona kwa watu wangapi? Nilijua pale pale kwamba ameanza tena. Nikasema moyoni, nitamuuliza baadaye. Kulikuwa na wageni kutoka wizarani, walikuwa wamekwisha kukaa. Ile habari ya vyumba ilikuwa karibu kupita." Alijikanda goti. "Nikamwita mbele."

Niliinama zaidi ili nimsikie.

"Alikuja. Akawachekesha, akawaliza, akamaliza vizuri. Hajawahi kumaliza vizuri vile. Watu wote walipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote. Nilipiga nikimtazama machoni, ili aone kwamba sijaona."

Nje mtu alikuwa akifua, maji yakimwagwa. Mlezi alitoa karanga mfukoni, akazitazama, akazirudisha.

"Dada yake nilimwambia," alisema. "Kanisani nimesema. Hakuna kinachopungua. Lakini wewe, nikikutazama wewe, siku hiyo napata usingizi. Nasema, sawa, yule nilimpoteza, lakini huyu yupo, huyu alipona kabisa. Mungu aliniachia huyu." Akanipigapiga mkono. "Sasa, ulikuwa na neno gani?"

Nilimpenda mzee yule kuliko baba yangu, na hilo nalisema hapa kwa sababu pale sikulisema. Nilimtazama, na nilijua naweza kusema nimekuja kukujulia hali tu. Angelala vizuri usiku ule. Ningekunywa chai, ningecheka, ningemaliza vizuri. Halafu nikaona ni wapi nilipokuwa nimekaa, na ni nani aliyekaa hapo kabla yangu, na hofu ikanishika mwili mzima.

"Sijapona, Mlezi," nilisema. "Mwaka jana nililazwa. Nimetoka, natumia dawa. Kuna siku bado si nzuri."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu. Hakuuondoa. Uso wake ulizeeka mbele yangu, kila kitu kikashuka, nikajuta na sikujuta.

"Walikulaza wapi?"

"Mulago."

"Siku ngapi?"

"Nyingi."

"Ningekuja," alisema. "Kwa haya magoti, ningekuja. Ningekaa tu."

"Najua."

"Na hukuniambia kwa ajili yangu."

Alilia kidogo, bila sauti, mtu aliyelia kijijini kwa watu mpaka wakamkimbia. Mimi nililia pia. Hatukubembelezana. Yule mama jirani alipita mlangoni, akatuona, akaendelea na njia yake.

Kisha alijifuta uso kwa kiganja, akavuta kiti chake kwa shida, magoti yakilalamika, mpaka kikakaa sambamba na changu, tukawa tunatazama ua mmoja.

"Na leo?" akaniuliza. "Leo uko vipi?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza swali hilo. Alikuwa akinijibia mwenyewe, mbele za watu. Nikaanza kumwambia.